Kizuri Chajiuza?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila niusikiapo wimbo “Vienna” wa bendi ya Ultravox, methali hiyo hunitia shaka. Mwaka 1981 wimbo huo ulishika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza kwa majuma manne. Kwanza ulizuiwa na “Woman” wake John Lennon, aliyeuawa Desemba 1980. Kisha, kwa majuma matatu, na “Shaddap You Face” wa Joe Dolce, wimbo wa mzaha. Hata hivyo, Januari 2013 kura ya wasikilizaji wa BBC Radio 2 iliutawaza “Vienna” juu ya nyimbo zote zilizokomea nafasi ya pili.

Naam, wakati huo chati ilipima kilichonunuliwa juma hilo, haikupima ambacho kingekumbukwa. Nami, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, najiuliza: sisi tunaohakiki vitabu teule na vilivyotuzwa pekee, tumeziacha tungo ngapi hatua moja tu nje ya orodha? Ndugu msomaji, tusingoje miaka 32. Tuzitafute, tuzisome, tuzihakiki waandishi wake wangali hai.