Nilifuta Miaka Tisa

Nilifuta miaka tisa ya kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, usiku mmoja, mbele ya kompyuta. Hakuna aliyenishauri. Niliamua peke yangu, na nilikosea.

Nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, kwenye taasisi ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa, ingawa tangu 2007 ni TaSUBa. Baadaye nikaongoza kikundi cha watu 14: waigizaji, wapiga ngoma, fundi wa jukwaa na dereva. Tulizunguka na michezo ya kuelimisha watu kuhusu malaria, Chalinze, Kibaha, Kibiti, mpaka Kilwa. Fedha nilishika mimi. Nilitaka kusoma MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kwa sababu nilichoka kuona vikundi vizuri vikifa kwa kukosa mahesabu, vipaji vikiwepo.

Nilianza na GMAT, mtihani wa kuombea masomo hayo. Sehemu yake ya hesabu hairuhusu kikokotoo, nami hesabu za darasani niliziacha kidato cha nne. Nilijisomea miezi saba, kila alfajiri kabla ya mazoezi ya kikundi, nikapata alama nzuri. Hapo ningetulia. Badala yake nikaanza kuchungulia wasifu za watu waliokwisha kupokelewa, nikakuta wahasibu, wahandisi na watu wa benki, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ngoma na mavazi ya jukwaani vitanifanya nionekane mtu aliyegonga mlango usio wake.

Nikafuta. Kwenye fomu ya maombi, kikundi cha maigizo kikawa "kampuni ya mawasiliano". Mimi nikawa "meneja wa miradi". Insha nikaijaza ufanisi, mikakati na uongozi, hata ukiisoma mara tatu hujui niliamka asubuhi nikafanya nini.

Barua ya mdhamini niliiharibu vilevile. Mwalimu aliyenilea kisanaa, aliyekuwa akiniona nikiamua nani alipwe kwanza fedha zisipotosha, sikumwomba. Nilimwomba meneja wa tawi la benki tulikokuwa na akaunti. Nilitaka cheo chake. Aliandika aya mbili za heshima, na hakuwa na zaidi ya kusema, kwa sababu hakuwahi kuniona nikifanya kazi.

Usaili ulifanyika kwa video. Mama mmoja wa makamo akaipitia fomu yangu, akauliza: "Mradi mmoja uligharimu kiasi gani, na malipo yakichelewa mlifanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa ndani ya kaunta buku, rafuni, nyuma ya kompyuta ileile, jalada lake limeingia doa la mafuta ya jenereta. Humo niliandika kila kitu: kukodi Coaster, mafuta, posho, chakula, ngozi ya ngoma iliyopasuka. Onyesho moja la Chalinze, shilingi 640,000. Aliyetupa kazi alilipa baada ya siku 60, kwa hiyo mama ntilie alitulisha kwa mkopo, tukamlipa kwa viingilio vya maonyesho yetu ya Jumamosi, na posho za wakubwa zikasubiri ili za vijana zitoke. Lakini ili niyaseme hayo ningelazimika kutaja ngoma, viingilio na mama ntilie, na hayo yote nilishayaondoa kwenye fomu iliyokuwa mbele yake.

Nikajibu, "Tulikuwa na utaratibu madhubuti wa bajeti."

Aliandika kitu kifupi, akageuza ukurasa. Nilijua palepale. Alikuwa ameniuliza kuhusu kazi ninayoijua kuliko zote, nami nikamjibu kama mtu ambaye hakuwahi kuifanya.

Wiki tano baadaye nikakataliwa. Ada ya maombi ilikwenda. Alama za GMAT hudumu miaka 5, hizo zimebaki. Lililo zito ni kwamba nilishawaambia wenzangu wasipokee kazi za kiangazi, kwa kuwa nilijiona nimeshaondoka. Watu 13 walikaa miezi mitatu bila onyesho. Mpiga ngoma wetu mmoja akaenda kuendesha bodaboda, na hajarudi.

Nilikwenda kwa Mwalimu kumweleza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia uliomba chuo."

Nikamsomea insha nzima pale barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya, akavua miwani.

"Mbona sisi hatumo humu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi, na jioni hiyo nikaenda kwa wenzangu nikawaomba radhi na wao.

Wewe unayechora, unayeshona au unayepiga muziki, na fomu kama ile iko mbele yako sasa hivi, tafadhali usianze kufuta. Weka kwanza daftari lako mezani, kisha ndipo uandike.

Nimeomba tena mwaka huu. Insha yangu inaanzia Chalinze, na shilingi 640,000 zimo. Barua ameiandika Mwalimu, kwa mkono, kurasa tatu, mjukuu wake akaipiga chapa na kuituma. Jibu bado halijatoka.