Kutoka Kigali Kuzunguka Ziwa Kivu Pamoja na Watoto

Tangu turudi kutoka ile safari ya ziwa, kila siku mzazi mmoja anatusimamisha njiani: mlipita wapi, mlilala wapi, na mimi naweza kuwapeleka wangu? Basi tunaandika hapa vile tulipanga, vile tulikosea, na kile watoto waliona.

Kwanza sababu. Watoto wetu wengi walizaliwa Gihembe, kule kwenye baridi ya Gicumbi, wakahamishiwa hapa Mahama mwaka 2021. Hawajui mahali pengine. Tukifundisha darasani kwamba Kongo na Rwanda wanagawana ziwa, wanaandika kwenye daftari, lakini hawaoni kitu kichwani. Ndiyo tukasema, tuwapeleke.

Wazazi hawakukubaliana. Baba mmoja alituambia wazi: "Ukimwonyesha mtoto nyumba ambayo hawezi kuingia, umempa nini?" Bibi mmoja akamjibu kwamba yeye amezeeka, akifa nani atawaonyesha wajukuu milima ya kwao? Tulikaa Jumapili mbili tukizungumza. Mwishoni tulikubaliana kila mzazi aamue kwa watoto wake. Tukapata watoto tisa, wazazi wanne, na sisi walimu wawili.

Matayarisho

Karatasi ndizo zinaanza. Barua ya ruhusa kutoka ofisi ya kambi iandikwe majina yote, na kila mkubwa abebe kitambulisho chake. Sisi tuliandika majina haraka haraka, tukasahau kijana mmoja. Tuligundua usiku wa kuamkia safari. Ikabidi mwalimu mmoja abaki naye mpaka barua nyingine itoke, wakatufuata Kigali kesho yake. Yule mtoto alilia usiku mzima, akidhani tumemwacha makusudi. Kwa hiyo soma barua kwa sauti mbele ya watoto wenyewe, kila mmoja asikie jina lake.

Pesa: tulichanga kidogo kidogo kwa miezi saba, kila mzazi alichopata kwenye kibarua au biashara. Pesa ya chakula hatukuigusa, na nyinyi msiiguse. Safari ikirudisha njaa nyumbani, si safari.

Wakati: nendeni Julai au Agosti, shule zimefungwa na mvua hakuna. Barabara za magharibi zinapita kwenye milima mikali, na mvua ikizidi udongo unaporomoka. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko kule yaliua watu zaidi ya 130 kwa usiku mmoja. Tena msipange kuondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani asubuhi ni umuganda na mabasi hayatembei mpaka kazi iishe. Chakula kifungeni kwa nguo au karatasi, maana mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008.

Njia yenyewe

Siku ya kwanza tulifika Kigali tukalala kwa ndugu. Msipite Kigali mbiombio. Watoto walichoka, na mji wenyewe ni shule: taa za barabarani, majumba, pikipiki ambapo abiria naye anavaa kofia ngumu. Asubuhi nendeni mapema kituo cha Nyabugogo, mnunue tiketi za kila mtu, hata mtoto mkubwa asipakatwe. Njia ni ndefu.

Siku ya pili ni Kigali mpaka Musanze, halafu Rubavu. Ukitoka Nyabugogo gari linapanda kona kwa kona, na mto Nyabarongo unabaki chini kama kamba ya udongo. Hapa ndipo watoto watatu walitapika. Mtoto wa kutapika akae mbele, asile mafuta asubuhi, na shika kitambaa mkononi. Kule Musanze volkano zinaonekana, na Karisimbi inazipita zote za Rwanda, mita 4,507.

Rubavu watu wengi bado wanaita Gisenyi. Pale watoto waliona ziwa mara ya kwanza, wakanyamaza wote. Goma iko pale pale, mji umegusana na mji. Mama mmoja kati yetu alipita mpaka huo akiwa msichana, amebeba mdogo wake mgongoni. Alisimama akiangalia upande wa pili, hakusema kitu. Vita iliingia Goma tena Januari 2025, na kati yetu kuna wenye ndugu kule. Hatukuwakaribia watu wa mpaka wala kupiga picha. Tuliangalia kwa mbali, inatosha.

Jambo moja la usalama: huko karibu na Goma kuna mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni. Ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo mtoto anaidhuriwa kabla ya mkubwa. Waulizeni wenyeji kabla ya kuacha watoto wacheze kwenye mashimo.

Siku ya tatu mnashuka kusini mpaka Karongi, zamani Kibuye. Barabara ni ya lami, inazunguka kila kilima: huku migomba na kahawa, kule chini maji. Ziwa linapotea, linarudi. Watoto waligeuza mchezo, anayeliona kwanza anapiga makofi. Tulilala Karongi siku mbili. Kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa 1996, iko mlimani huko, na familia mbili zilikutana na ndugu zao.

Jioni kaeni ufukweni muone wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaondoka giza likiingia, wamewasha taa. Sambaza wenyewe walikuja kama wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto walipenda sana habari hii: samaki wa kuhamia, na leo ndiye samaki wa ziwa. Kuna pia mtambo unaovuta gesi ndani ya ziwa na kutoa umeme. Mkipanda mtumbwi, kila mmoja avae jaketi la kuogelea. Ziwa hili linafika karibu mita 480 kwenda chini, halina mzaha.

Siku ya tano ni Nyamasheke mpaka Rusizi. Katikati ya ziwa kinaonekana kisiwa cha Idjwi, ambacho ni cha Kongo. Ukifika Rusizi, mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Tanganyika, na ng'ambo ni Bukavu, nyumba juu ya nyumba.

Siku ya sita mnarudi Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2023. Vaeni sweta, juu kuna baridi. Waonyesheni watoto kwamba mvua ikinyesha upande mmoja wa milima hiyo inakwenda mto Kongo, upande wa pili inakwenda Nile. Mbele kidogo, Nyamagabe, mtapita karibu na kambi ya Kigeme ya mwaka 2012. Watoto wetu walipunga mikono.

Je, yule baba alikuwa na haki? Kule Rusizi mtoto wa miaka minane alituuliza: "Mwalimu, kule ndiyo kwetu? Mbona kunafanana na hapa?" Tulishindwa kujibu. Yule bibi ndiye alimshika mkono, akaanza kumhesabia majina ya milima ya kwao Masisi, ambayo hata haionekani kutoka pale. Mtoto aliyarudia yote mpaka kwenye basi. Juzi tumemkuta anamfundisha mdogo wake.

Baba yule ameshakuja kutuuliza bei ya nauli. Anayetaka kupanga naye atuone shuleni Jumamosi mchana. Tuanze kuchanga sasa, likizo haiko mbali. Tunawatakia safari njema.