Carnforth: Stesheni ya mama muuza chai

Mtu yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria ya kwanza: steringi hafi. Sheria ya pili ni kwamba waliobaki wote hawahesabiki. Mama anayemimina chai, mzee anayefagia, dada anayepiga ukelele mmoja halafu basi, haonekani tena... hao wanasindikiza tu. Jina lake hulijui na wala hulitafuti. Majina yenyewe yakianza kupanda kwenye kioo, watu wameshainuka wanakung'uta suruali na kubishana nani alipiga teke zuri zaidi.

Mimi ni mgonjwa wa hao wasindikizaji. Steringi namwacha kwa wenzangu, macho yangu yanakwenda kwa yule aliyesimama pembeni na trei. Ndiyo maana Oktoba 2019, nilipokuwa Uingereza kwa dada yangu anayeishi mji wa Lancaster, sikuomba kupelekwa Old Trafford wala kupigwa picha chini ya Big Ben. Niliomba kupelekwa Carnforth. Dada akanitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyetua Dar halafu akaomba kwenda kutembea stesheni ya Ruvu.

"Carnforth kuna nini?"

"Kuna mama muuza chai."

"Mdogo wangu, chai si ninayo hapa?"

Lakini siku yake ya mapumziko ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku yenyewe, utaona mbele. Tukaenda.

Kutoka Lancaster ni kama dakika kumi tu kwa treni. Carnforth ni mji mdogo wa kaskazini magharibi ya Uingereza, karibu na ghuba ya Morecambe, na upepo wake haukuulizi kama umevaa sweta. Stesheni yenyewe ni ya mawe, imetulia, halafu ghafla... vuuup! Treni ya mwendo kasi ya njia ya London na Glasgow inapita bila hata kupunguza mwendo. Majukwaa ya njia kuu yalifungwa mwaka 1970, hivyo wakubwa wote wanapita tu. Wanaosimama hapa ni treni za masafa mafupi. Dada alishika kofia yake akasema huu mji unapitwa kama yeye anavyopitwa kazini. Nikacheka, lakini neno lile nililiweka mfukoni.

Sasa kwa nini niko hapa. Februari 1945, vita kuu ya pili haijaisha, muongozaji David Lean alileta watu wake kwenye stesheni hii kupiga filamu ya Brief Encounter. Walihitaji treni, giza na taa kali. London na kusini mashariki ilikuwa hatari kuwasha taa usiku. Carnforth ilikuwa mbali, ndege za adui zikionekana kuna muda wa kupewa habari na kuzima kila kitu. Basi wakawa wanapiga picha usiku, treni za kweli zikiwapita na moshi wake.

Hadithi ni nyepesi kuieleza na nzito kuitazama. Laura, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, huenda mjini kila Alhamisi kununua vitu na kubadilisha kitabu cha maktaba. (Umeona Alhamisi yetu?) Siku moja treni inapita, vumbi linamwingia jichoni. Daktari mmoja, Alec, naye mume wa mtu, anamtoa lile vumbi ndani ya mgahawa wa stesheni. Ndivyo mapenzi yalivyoingia. Kwa jicho! Laura ni Celia Johnson, Alec ni Trevor Howard. Wanapendana, wanajificha, wanaogopa, wanaachana. Hakuna ngumi hata moja. Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Uingereza ilipotoa orodha yake ya picha bora 100 za nchi hiyo, hii ilishika namba mbili.

Na wanakutania wapi muda wote huo? Kwa Bi Myrtle Bagot, mwenye kaunta ya chai. Huyo ndiye niliyemfuata, na aliyemcheza anaitwa Joyce Carey.

Tafadhali usipite haraka hapa. Picha linapoanza, hatuonyeshwi wapenzi. Tunamwona mkagua tiketi, Albert, amechezwa na Stanley Holloway, anavuka reli na kuingia mgahawani kumchombeza Bi Bagot. Maneno ni yao, kaunta ni yao. Kule nyuma, mezani, kuna mwanamke na mwanaume wamekaa kimya. Ukiwa mgeni wa picha hii unaweza kudhani ni watu wa kujaza viti. Kumbe hao ndio steringi, na hiyo ndiyo dakika yao ya mwisho duniani wakiwa pamoja! Lean aligeuza meza: msindikizaji mbele, steringi nyuma. Mwisho wa picha tunarudishwa mahali palepale, chai ileile, na safari hii unajua kinachouma. Kama wa kaunta wangekuwa waigizaji wa ovyo, ujanja wote ule ungekufa. Lazima uamini kwamba kuuza chai ni jambo kubwa kiasi cha kutowaona wale wawili.

Na Joyce Carey anakuaminisha. Bi Bagot ana maringo, usiseme. Anaongea kizungu cha kujivuta, cha mtu aliyeamua kwamba yeye si wa hadhi ya abiria wake. Ukimuudhi, kile kizungu kinamdondoka na cha nyumbani kinatoka chenyewe. Siku Albert anapoleta utani wa mikono, keki zinamwagika sakafuni, na hapo lafudhi nayo inamwagika. Sote tunamjua huyu mama. Yuko kila ofisi, kila duka la vitenge. Mwigizaji wa kawaida angemfanya kichekesho cha kusahau. Joyce anamchekesha mtu bila kumvua heshima yake, na hiyo si kazi ndogo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Mapema kwenye picha Bi Bagot anamsimulia Beryl, msichana wanayefanya naye kazi, jinsi alivyomwacha mumewe. Bwana alitaka awe mpishi, mtumishi na mfagizi mchana, usiku awe mke mwenye mapenzi. Mama akafungasha virago, akaenda kwa dada yake, baadaye akafungua duka la chai na rafiki. Anasimulia kama mtu anayetaja bei ya mkate. Fikiria sasa: katika chumba kilekile, Laura anateseka kwa kitu ambacho hata kukitamka hawezi. Mwanamke wa maana, mwenye nyumba nzuri, hathubutu. Muuza chai alishathubutu zamani, na sasa anatongozwa hadharani na mkagua tiketi, tena anajishaua! Kwa maoni yangu picha hii ina mapenzi mawili, na yenye afya ni yale ya kaunta.

Ndani ya stesheni ya Carnforth leo kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2003, baada ya jengo kukaa miaka mingi likichakaa. Saa kubwa ya kwenye picha imetundikwa tena. Waliyoitengeneza ni kampuni ya Joyce ya mji wa Whitchurch, na mimi nilipolisoma hilo jina nikaona ni salamu yangu binafsi. Njia ya chini ya reli yenye mteremko, ile Laura anayoikimbilia treni yake, ipo. Nilikimbia nayo kidogo. Dada akajifanya hanijui.

Mgahawa wa chai nao ulikuwepo, umepangwa kama wa kwenye filamu. Hapa kuna kitendawili. Ile kaunta unayoiona kwenye picha haikuwa Carnforth hata kidogo, ilijengwa studio ya Denham, karibu na London. Kwa hiyo stesheni halisi imeiga mgahawa wa uongo ulioiga stesheni. Joyce Carey hakumimina kikombe hata kimoja nyuma ya kaunta niliyoiegemea, na bado watu waliingia wakiitazama kana kwamba yeye ametoka nyuma mara moja kuchukua sukari. Dada alikaa muda mrefu akiitazama. Yeye huko Lancaster kazi yake ni hiyohiyo, kuhudumia chai na chakula kwenye kantini ya mahali nisipopataja. Akaniambia wateja wake wanakitazama kikombe. "Mtu anaweza kunywa chai yangu miaka miwili, siku tukikutana sokoni ananipita."

Nilimweleza habari za Joyce tukiwa pale. Alizaliwa London mwaka 1898. Mama yake, Lilian Braithwaite, alikuwa jina kubwa la jukwaani na alipewa heshima ya Dame mwaka 1943. Baba yake, Gerald Lawrence, mwigizaji pia. Yaani huyu mama wa kaunta alikuwa mtoto wa mastaa! Mwaka 1934 tamthilia yake iitwayo Sweet Aloes ilipanda jukwaani London, na jina la mwandishi lililobandikwa ni Jay Mallory. Jay Mallory ni yeye. Miaka miwili baadaye Hollywood wakaifanya filamu, Give Me Your Heart. Mwandishi wa kiwango hicho, halafu anakwenda kusimama nyuma ya birika.

Na hakusimama mara moja. Noël Coward, rafiki yake, ndiye aliyeandika tamthilia fupi ya Still Life ambayo ndiyo mama wa filamu hii, na mwaka 1936 Joyce alimcheza Bi Bagot jukwaani London, Coward mwenyewe akiwa daktari. Miaka tisa baadaye kwenye filamu, mastaa wale wawili walibadilishwa. Mama wa chai hakubadilishwa. Pangekuwa na ligi ya wasindikizaji, hilo ni kombe.

Ukimfuatilia utamkuta kwingine. In Which We Serve ya mwaka 1942, mke wa baharia anayeuawa na bomu akiwa nyumbani kwake. Blithe Spirit ya mwaka 1945, mke wa daktari mezani wakati mizimu inaitwa. Mwaka huohuo yumo The Way to the Stars. Filamu tatu mwaka mmoja, na katika zote tatu ni msindikizaji. Aliendelea na kazi mpaka uzee, nishani ya OBE akaipata mwaka 1982, akafariki Februari 1993, mwezi mmoja hivi kabla ya kutimiza miaka 95.

Usiku ule tuliitazama picha nyumbani kwa dada. Haifiki hata saa moja na nusu. Mwanzoni alikuwa anakunja nguo. Kwenye sehemu ya wanajeshi wawili wanaotaka pombe muda umepita na kumtolea Bi Bagot maneno machafu, nguo zikawekwa chini. "Wapo hao," akasema, "kila mji wapo." Baadaye alipoingia Dolly, yule mama mwenye domo anayekuja kukaa katikati ya wapenzi wakati wanaagana, dada alimpigia kelele kwa Kiswahili aondoke. Dolly hakuondoka. Daktari akabaki na nafasi ya kumgusa Laura begani tu, akatoka.

Picha ilipokwisha, dada aliirudisha mwanzo. Akatazama tena zile dakika za kwanza, macho yote kwa wale wawili wa kule nyuma. Mimi nikabaki kaunta.