Beetle ya Buda Inageuka Gari la Mbio

Kuna mjadala kwetu nyumbani umechukua miezi saba na bado haujaisha. Buda alipoaga alituachia Beetle 1200 ya mwaka 1965. Ilikuwa chini ya mti wa avokado kule Thika, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Anko anataka iuzwe. Mathe hataki hata kusikia hilo neno. Mimi nataka iwe gari la mbio la kizamani, na kwa sasa niko mbele kidogo, kwa sababu bodi tayari iko chini.

Hoja ya anko si ya kijinga. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na yeye anaona Beetle ikitengenezwa vizuri inaweza kupata mnunuzi, doo ikanirudisha darasani. Shida ni hilo neno "ikitengenezwa". Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, na kwetu asidi ilikula sakafu hadi unaona nyasi. Zile njia za hewa moto chini ya milango, ambazo bodi inazitegemea, zimeoza pande zote mbili. Fundi wa bodi alinipigia hesabu ya laki tatu na nusu, rangi bado. Nani ako na hiyo? Na bila hiyo kazi, anayebaki kununua ni mtu wa chuma chakavu na mizani yake.

Sasa sikiza. Uzuri wa Beetle ni kwamba bodi imefungwa kwa boliti juu ya sakafu yenye uti wa mgongo, lile bomba pana la chuma linalopita katikati. Fungua boliti, ita majamaa sita, inua. Kinachobaki chini ni magurudumu, usukani, giaboksi na injini nyuma, na bado kinaweza kujiendesha. Kwetu uti wa mgongo uko sawa kabisa. Yaani kilichooza ni zile sehemu ambazo gari la mbio halizihitaji sana, na sakafu ni ya kuchomelea viraka tu.

Na hii si akili ya TikTok, wasee. Uingereza walifanya hivi na Austin 7 miaka na mikaka. Lilikuwa gari dogo la familia, cc 747, lilitengenezwa kuanzia 1922 hadi 1939. Vijana walinunua kuukuu, wakatoa bodi, wakavalisha bati jepesi, wakaenda kushindana. Colin Chapman, aliyeanzisha Lotus, gari lake la kwanza la mashindano alilijenga 1948 kutoka kwa Austin 7 nzee, kwenye gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake. Bruce McLaren naye alianza mbio kule New Zealand na Austin 7 akiwa tineja. Majina makubwa ya Formula 1 yalianzia kwa vigari vya namna hii.

Beetle yenyewe pia si mgeni wa mbio hapa. Ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, na barabara za wakati huo hazikuwa za kubembeleza gari. Kwa hivyo mtu akiniambia naharibu "gari ya kwenda kanisani", namwangalia tu.

Umbo nimeiga Auto Union za miaka ya 1930: pua fupi, mkia mrefu, injini nyuma ya dereva. Ferdinand Porsche ndiye alichora zile, na ndiye alichora Beetle, kwa hivyo ni kama ndugu, mmoja tajiri mmoja wa mtaa. Ya 1934 ilikuwa na silinda 16. Yangu iko na nne na nguvu za farasi 34. (Na ndiyo, najua serikali ya Hitler ndiyo ilimwaga pesa kwa zile gari. Nimechukua umbo tu, hakuna nembo yoyote itakaa hapo.)

Pua imefinyangwa na mzee mmoja Kariobangi ambaye kazi yake ni sufuria na masanduku ya bati ya wanafunzi wa boarding. Nilimpelekea umbo nililokata kwa katoni. Akaliangalia, akaniuliza, "Kijana, hii ni ya kupika nini?" Kisha akachukua nyundo ya mbao na gunia la mchanga, akagonga alumini siku mbili. Hakuwa na mchoro wowote, anapima kwa kiganja. Nilikaa mihula minne nikisoma uhandisi na sijaona mtu anaelewa chuma hivyo. Manze, mnaosema jua kali ni ya waliofeli, nendeni mkaone kwanza.

Mahali sitaki mchezo ni usalama. Kuna msee alinishauri nitumie bomba la maji kwa ile fremu ya kulinda kichwa gari likibinuka. Bomba la maji lina mshono na halikutengenezwa kubeba kishindo. Nimesubiri miezi miwili kupata bomba la chuma lisilo na mshono, na channel ilikaa kimya wakati huo wote. Ekseli za nyuma za Beetle pia zina tabia mbaya: ukikata kona kwa kasi, gurudumu linaweza kujikunja chini ya gari. Kwa hivyo nimeshusha sehemu ya nyuma na kufunga kizuizi kabla hata ya kufikiria kuongeza nguvu. Barabarani haliendi, litabebwa kwa trela hadi kwenye vumbi la autocross.

Mathe alikuja kuliona wiki jana. Nilijiandaa kwa machozi au kelele. Alizunguka mara mbili, akashika usukani, ambao ni ule ule wa buda, bado una ufa pale juu. Nimekaa upande wa kulia kama kawaida, na nafasi ya abiria nimeifunika kwa bati. Akaigonga hiyo bati kwa kidole.

"Hapa ndipo nilikuwa nakaa."

Nikakubali. Akauliza kama hizo skrubu zinatoka. Nikamwambia zinatoka, ni sita tu, lakini mkanda wa pili bado sijanunua.

"Ni pesa ngapi?" akaniuliza, akifungua mkoba.