Mahindi Yasiyopita Maabara

Mtoto akifikisha miezi sita, kwetu Dodoma hakuna anayehitaji kuambiwa kinachofuata. Ni uji wa lishe. Mahindi, karanga na ulezi, mwingine huongeza soya. Vinakaangwa kidogo, vinapelekwa mashineni, na unga unawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Wanangu wamekua kwa uji huo na wajukuu nao wanaunywa. Ndiyo maana iliniuma kujua kwamba mahindi na karanga, ambavyo ndivyo nguzo za uji wenyewe, viko mstari wa mbele katika mazao yanayoshambuliwa na fangasi wanaozalisha sumukuvu, yaani aflatoksini.

Sumu hii haina ladha ya kumshtua mpishi, na moto wa jikoni hauimalizi. Punje iliyooza unaiona na kuitupa, lakini punje nzuri kwa macho nayo inaweza kuwa na sumu. Dunia iliijua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga. Leo iko katika kundi la visababishi vya saratani ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limejiridhisha navyo kabisa. Inaumiza ini, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake ni kubwa zaidi.

Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafariki. Watafiti hawakuishia kuhesabu makaburi. Walikwenda nyumba kwa nyumba, za waliougua na za majirani wazima, wakauliza mahindi yalivunwaje, yalikaushwaje, yalilala wapi. Jibu likajitokeza: nyumba zilizopata msiba zilikuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani, mahali watu wanapolala, badala ya ghalani. Nani asiyejua kwa nini mtu hulala na mahindi yake? Mwaka wa njaa, kilichoachwa nje huibwa. Miaka 12 baadaye msiba ulitufikia sisi, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Matumbo yaliyojaa, macho ya njano, kutapika. Zaidi ya mmoja kati ya kila wagonjwa wanne hakupona.

Tunayo sheria ya kutulinda. Katika Afrika Mashariki mahindi hayaruhusiwi kuzidi mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja. Kiwango hicho ni tunda la utafiti wa miaka mingi, nami nakiheshimu. Lakini kinamlinda nani? Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yalikwama mpakani Namanga, na kwa siku chache kila mtu aliongelea sumukuvu, mawaziri kwa madalali. Zuio likaondolewa kwa masharti, mazungumzo nayo yakapoa. Mahindi ya bibi wa Chemba, hapa kwetu Dodoma, hayapandi lori. Yanatoka shambani, yanaingia kwenye kihenge, yanakwenda mashineni kwa debe, yanarudi kuwa ugali. Hakuna maabara inayoyagusa popote katika safari hiyo. Na sisi tunaokula tulicholima ndio wengi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa silitenganishi na mapenzi kwa watoto. Kumshibisha mtu ni nusu ya kumtunza. Nusu ya pili ni kuuliza chakula hicho kimepitia wapi. Kuuliza huko si dharau kwa mama aliyekipika. Wanawake wa kwetu wamekuwa wakipepeta na kuchambua punje tangu enzi na enzi, na kumbe mikono yao ilikuwa sahihi: jaribio lililofanywa katika vijiji vya Tanzania lilionyesha kwamba kuchambua mahindi, kuyaanika juu ya turubai au kichanja na kuyakoboa kabla ya kusaga kunapunguza sumu katika unga wa watoto.

Kukoboa, hata hivyo, kunatugonganisha na ushauri mwingine. Kliniki tunaambiwa tule dona, kwa kuwa sembe imevuliwa virutubishi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini, yaani pale pale penye virutubishi. Mama asikilize upi? Mimi nasema dona ni ya mahindi yaliyokauka vizuri na kuchambuliwa. Ukiyatilia shaka, koboa, na pumba usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hurudi kwako kupitia maziwa. Wataalamu wa lishe na wa usalama wa chakula wangekaa meza moja kabla ya kuja kwetu, tusingepewa nusu mbili za ukweli.

Nawapenda watafiti kwa jambo jingine: hawafichi wanapotofautiana. Benin na Togo, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha sumukuvu na udumavu wa watoto. Uliofanywa baadaye hapa Tanzania uliona uhusiano huo zaidi kwa sumu nyingine ya mahindi, fumonisini. Mjadala unaendelea, na uendelee. Ila serikali isiutumie kuwa sababu ya kungoja, maana saratani ya ini na vifo vya 2004 na 2016 havina mjadala.

Kinachotakiwa kijijini si mashine za mamilioni pekee. Viwepo vituo vya kupimia, iwepo ile dawa ya Aflasafe, ambayo ni fangasi wasio na sumu wanaotawanywa shambani wawazidi nguvu wenye sumu. Lakini kabla ya hayo kila kaya ipate turubai, na kila bwana shamba apite wakati wa mavuno na chupa kavu. Unatia mahindi, unatia chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado upo. Mahindi yarudi juani, hata kama gunia limeshashonwa na mvua inanukia.