Kisanduku cha Mashine ya Boti

Mpaka siku ile, Dar es Salaam nilikuwa naijua kwa kusikia tu. Nilipanda boti ya asubuhi bandarini Malindi, Unguja, nimepakata kisanduku cheusi kinachotoa moto wa plagi za mashine yetu ya kuvulia. Kwetu Nungwi walishakikatia tamaa: kimejazwa gundi ngumu ndani, hakifunguki, nunua kingine. Baba hakuwa na hela ya kingine.

Safari ya baharini ni kama saa mbili. Kutoka bandarini nilikwenda kwa miguu hadi Kariakoo, nikipishana na mikokoteni na wachukuzi, nauliza njia kila kona, mpaka nikafika kwa fundi niliyeelekezwa.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu tukione.”

Hakushika bisibisi. Alichukua sindano akaidunga ile gundi. Ikizama kirahisi, ni silikoni, huchunwa kwa mkono. Ikibonyea na kurudi kama soli ya kandambili, ni poliurethini. Yetu sindano iligoma kabisa: epoksi. Hiyo, alisema, ikishakauka haiyeyuki tena, hata asetoni haiimalizi. Dawa kali za kuondolea rangi zinailegeza, ila zinakula plastiki na kuumiza anayezivuta; dukani kwake haziingii.

Alifungua dirisha, akavaa barakoa, akawasha bloa kwenye nyuzi 120 hivi. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo hapo viungo viko salama. Kapasita nyingi, hata hivyo, zimeandikwa mwisho wa nyuzi 85 au 105. Ndiyo maana alipasha kipande kidogo tu, akakichokoa kwa kijiti cha mianzi, akaacha kipoe, akahamia pengine. Chuma kingekwaruza njia za shaba. Alianzia pembeni, wala hakubinua kitu kutoka chini, maana gundi huondoka na mguu wa kifaa pamoja na shaba yake. Kazi ilikwenda hadi alasiri na hakuharakisha hata mara moja. Mimi nilizoea kuona mafundi wakipiga nyundo. Kwa unyenyekevu ule wa mikono nilimheshimu mno.

Kapasita ilipojitokeza aliunganisha miguu yake kwa rezista kwanza, kwani huweza kubaki na volti zaidi ya 200. Kisha akanipa lenzi. Kuzunguka mguu mmoja lehemu ilikuwa na ufa mwembamba wa duara, kazi ya mtikisiko wa mashine.

Kuulehemu upya kulichukua dakika chache. Kuziba tena ndiko alikokufikiria sana, kwa sababu bila kinga maji ya chumvi yangekimaliza. Alichagua silikoni, ili atakayekifungua baadaye asiteseke, na akaninusisha tyubu: ile yenye harufu ya siki hula shaba, hii haina. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo alipaka tabaka jembamba, akaniambia nitafute pa kulala. La pili lingepakwa asubuhi.