Mpangaji Aliyefukuzwa

Katika kumbukumbu za kikao kimoja cha walimu wa shule ninayofundisha, hapa mashariki mwa Uganda, imo sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu: "Mwembe ulio mbele ya madarasa ukatwe ili kupisha ujenzi wa maabara." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Upatanisho wa ngeli ni sahihi, na kitenzi kimenyambuliwa ipasavyo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nilinyoosha mkono kuunga mkono hoja, kisha nikaiandika. Juma lililofuata mwembe ulianguka.

Miezi michache baadaye, mwalimu mwenzangu wa sanaa aliniazima kitabu cha picha za mchoraji wa Austria, Friedensreich Hundertwasser. Kwanza nilivutiwa na jina, kama ilivyo desturi yetu walimu wa lugha. Alizaliwa Vienna mwaka 1928 akiitwa Friedrich Stowasser. Katika lugha za Kislavoni, "sto" ni mia; naye akaifasiri silabi hiyo kwa Kijerumani, akawa Hundertwasser, yaani Maji Mia. Mtu anayeanza kazi yake kwa kufasiri jina lake mwenyewe ni jirani yetu, wanafunzi wangu.

Kisha nikazitazama picha. Ndani yake ni vigumu kusema nyumba inaishia wapi na kilima kinaanzia wapi. Madirisha yanachungulia kutoka katika majani, paa zimeota nyasi, na rangi nyekundu, kijani na dhahabu zinajipinda kama mito inayotafuta njia. Mistari iliyonyooka aliichukia. Alipenda mzunguko wa konokono, kama ule unaoijaza picha yake ya mwaka 1955 iitwayo kwa Kijerumani "Der große Weg", Njia Kuu. Kwake, mstari wa rula ni wa mtu aliyeacha kuitazama dunia.

Hakuishia kwenye turubai. Alidai kwamba kila mpangaji awe na haki ya dirisha: atoe mkono nje na kuupamba ukuta wake kadiri mkono unavyofika, ili mpita njia ajue kuwa ndani humo anaishi mtu. Mwaka 1973, katika maonyesho ya Triennale mjini Milano, alipanda miti ndani ya nyumba ya watu, matawi yakatokeza madirishani. Aliiita miti hiyo wapangaji. Kodi yao, alieleza, hulipwa kwa hewa safi, kivuli, na vumbi linalonaswa na majani.

Halmashauri ya jiji la Vienna ilimsikiliza. Kati ya mwaka 1983 na 1985 lilijengwa jengo la makazi ya umma lenye nyumba zaidi ya 50, sakafu zenye mawimbi, na miti na vichaka zaidi ya 200 juu ya paa na kwenye vibaraza. Yeye hakuchukua malipo kwa usanifu huo. Ilimtosha, alisema, kuzuia jambo baya lisijengwe mahali pale. Hata hivyo tusimfanye malaika. Mchoro hausimamishi ukuta, na msanifu majengo Josef Krawina alishiriki katika kazi hiyo tangu mwanzo. Mwaka 2010, miaka kumi baada ya mchoraji kufariki, Mahakama Kuu Kabisa ya Austria ilimtambua Krawina kuwa mbunifu mwenza. Jengo la wengi lilikuwa limebeba jina la mmoja.

Nilipeleka kitabu hicho darasani, kidato cha pili, tukifanya somo la ngeli. Niliandika ubaoni: "Mti umekatwa." Ngeli ya U-I. Chini yake nikaandika: "Mpangaji amefukuzwa." Ngeli ya A-WA. Nikawaeleza kwamba Hundertwasser, bila kujua Kiswahili, aliuhamisha mti kutoka ngeli moja hadi nyingine. Mara tu mti unapoitwa mpangaji, sarufi yetu inatulazimisha kuuwekea kiambishi cha mtu.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Yule mpangaji wetu alipewa notisi?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza, maana wote waligeuka kutazama dirishani. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja pale walipozoea kukaa wakati wa mapumziko. Sikuwa na jibu. Notisi haikutolewa kwa mti, wala kwa wale waliokaa chini yake.

Msinielewe vibaya. Maabara ilihitajika, wanafunzi wa kemia walikuwa wakisoma majaribio kitabuni bila kuyaona. Lakini kiwanja kilikuwa na nafasi upande wa magharibi, na katika kikao kile hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo, kama jengo lingeweza kusogezwa. Tulichora mstari kwa rula, na mwembe ukawa juu ya mstari.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 inamtwika wajibu wa kuyalinda. Nilikuwa nimezifundisha zote mbili, nikidhani zinahusu misitu mikubwa na serikali. Kumbe zilikuwa mezani kwangu, kando ya daftari la kumbukumbu.

Katika kikao kilichofuata niliomba iandikwe kwamba kabla ya mti wowote kukatwa, wawakilishi wa wanafunzi wasikilizwe. Hoja ilipita kwa kura chache. Tumepanda mwembe mwingine. Kwa sasa kivuli chake kinamtosha kuku mmoja.

Zoezi la juma hili, basi, si gumu. Chagua mti mmoja wa mtaani kwenu. Andika aya moja juu yake ukitumia ngeli ya U-I, kisha iandike upya ukimwita mpangaji, kwa ngeli ya A-WA. Zisome zote mbili kwa sauti, na ujiulize ni ipi kati ya hizo ungeweza kuimalizia kwa neno "akatwe".